Dame Imetoka Mapema

Kolwezi, kampi ya bafanyakazi, tarehe 10 Machi 1957

Ku mutoto yangu Tharcisse,

Jambo, na jambo tena. Baba yako Kalombo anakusalimia, ametoka zamu ya usiku macho mekundu lakini iko muzima, anasema uchunge kazi yako. Kaku, mama ya baba yako, anakusalimia, amebaki na jino moja na anajivunia nalo. Dada yako Kanku anakusalimia pamoja na tumbo yake, maana imekuwa kubwa mpaka tunaisalimia yenyewe. Tshiela mudogo anakusalimia, ameanza masomo kwa masista na kila siku anarudi na chaki mufukoni. Mama Fidélie wa mulango ya pili anakusalimia, anauliza kitambaa yake iko wapi, wewe unauza vitambaa na yeye anavaa matobo. Kabongo wa treni ndiye anakuletea barua hii mukononi, umupatie chakula, amekonda. Hata ile kuku uliyoiita Sista iko, bado inatembea na kichwa juu. Tuko wote muzima. Ni mi tu sina usingizi.

Mutoto yangu, uliniambia: Mama, kuna makarte itakuja kwa jina yangu kwenye sanduku ya misioni, usiulize kitu, upatie Kabongo, juu patron hapendi barua zetu zipite dukani kwake. Sikuuliza. Zimepita mbili, namba tupu na herufi, nikawaza ni mambo ya vitambaa, metre na bei. Hii ya tatu iko na maneno. Na karte haina bahasha. Kila mutu wa posta ameisoma mbele mi sijaisoma. Nami nimeisoma, kidole chini ya kila neno, kama walivyotufundisha foyer, kwa masomo ya bamama. Nakuandikia vile iko:

«Tharcisse, g7-g6. Dame yako imetoka mapema sana, iko inje peke yake. Nitaifukuza kila pahali itakimbilia. Cavalier yangu iko tayari, fou inafuata. Na roi yako haina pa kujificha. Ngojea kidogo, utalia. H.»

Dame gani, Tharcisse?

Hapa kwetu dame ni moja tu, ni bibi ya muzungu. Nilikwenda kwa Mama Fidélie, maana anajua Kifaransa ya jikoni. Sikumuonyesha karte, nilimuuliza neno moja moja, kama vile nauliza bei ya samaki. Anasema cavalier ni askari ya juu ya farasi. Fou ni mutu mwenye kichaa. Roi ni Mfalme. Akaniuliza: Elise, unasoma nini siku hizi? Nikasema katekisimu.

Kwa hiyo kuna mutu, H., iko na askari na mwenye kichaa, anawinda dame yako. Na Mfalme ameingia mule ndani namna gani, sitaki hata kujua.

Mwezi ule ulituandikia kwamba Madame wa patron yako ni mutu muzuri, anakuazima kitabu, anakuita Tharcisse, hakuiti boy. Nilifurahi, nikasomea na Kaku. Sasa nimeisoma tena ile barua na furaha imekauka. Unakumbuka mupishi wa nyumba ya kona, kule kwa bazungu? Ilisemwa tu kwamba alicheka na madame. Kucheka tu. Kesho yake hakuwa kazini, wala kampini, na bibi yake alifunga bitu peke yake.

Karte sikumupatia Kabongo. Nimeizika ndani ya unga. Baba yako hajui.

Niandikie mbio, uniambie nimesoma vibaya.

Mama yako,
Elise Tshibola


Élisabethville, 14 Machi 1957

Mama mupenzi,

Naandika nimesimama, Kabongo anangojea na treni imeshapiga filimbi. Nasalimia Baba, Kaku na jino yake, Kanku, Tshiela, Mama Fidélie (kitambaa itakuja), na Sista.

Samehe, nimecheka kidogo. Usiogope juu ya dame. Ni ya muchezo tu. Ni kweli niliitosha inje mapema, nilitaka kumaliza mbio mbio, ni kosa ya mutu asiye na akili. Lakini hata H. akiikamata, si mwisho wa dunia. Naweza kupata ingine mbele, hata mbili. Pion mudogo kabisa, akivumilia kutembea mpaka mwisho wa upande ya wale wengine, anapata dame. Ni sheria, mama, imeandikwa.

Jambo moja tu: patron asisikie. Hapendi karani acheze. Madame ndiye alinifundisha, saa ya midi, jua katikati, patron akilala. Sasa ni rahisi zaidi, patron amekwenda Rhodésie kununua mali, atarudi mbele ya Pasaka, tumebaki mi na Madame peke yetu dukani.

Nakuomba utoshe ile karte ndani ya unga umupatie Kabongo. Siwezi kufanya kitu bila kuiona vizuri. Na usimwambie Baba.

Mutoto yako,
Tharcisse


Kolwezi, 17 Machi 1957

Ku Bwana Mukubwa H.,
Dispensaire, Kapanga

Bwana,

Nimeona jina ya pahali yako kwenye pembe ya karte. Sijui uso yako. Mi ni Elise Tshibola, bibi ya Kalombo, mama ya Tharcisse. Nakusalimia. Nasalimia bibi yako na batoto kama Mungu amekupatia. Nasalimia kazi yako. Nasalimia na cavalier yako, farasi yake isianguke. Nasalimia na yule fou, Mungu amurudishie akili.

Bwana, nakupigia magoti, na si magoti ya barua tu, niko chini kweli, karatasi iko juu ya kiti.

Usimukamate ile dame. Mwache arudi kwake polepole, na mutoto yangu arudi kwetu. Tharcisse hana ubaya. Ni masomo imemuharibu. Ananiandikia kwamba ni muchezo, kwamba akikosa huyu atapata ingine, kwamba kuna sheria pion anapata dame. Bwana, sheria ya vile haiko. Wewe unajua na mi najua. Mutoto anaongea kama mwenye homa.

Uliandika: ngojea kidogo, utalia. Kama ni lazima mutu alie, nitalia mi. Niko na mazoea. Nilizika batoto babili mbele Tharcisse hajazaliwa, njia ya kulia naijua, yeye haijui.

Na usiwaze kwamba nimekaa tu mikono kwenye magoti. Nimemwandikia patron yake pia, kwa mukono yangu mwenyewe, nikaweka timbre, nikatia posta. Nimemwambia ukweli wote na heshima. Amufukuze Tharcisse kazi, sawa. Amunyime mushahara, sawa. Tu asimuue, asimufunge. Muzungu akiambiwa ukweli mbele hajaukuta mwenyewe, pengine hasira yake inakuwa ndogo.

Bwana H., jibu mbio. Nakaa karibu na sanduku ya misioni mpaka Frère ananiuliza kama nataka kazi ya kufagia.

Elise Tshibola


Kapanga, 1 Aprili 1957

Mama Elise,

Kaa chini kwanza. Si kwa magoti, kwa kiti.

Mi si Bwana. Mi ni Henri. Henri Nkulu, yule wa masikio! Nilisoma na Tharcisse kwa Mafrera, kila Jumapili nilikuwa nakula bukari ya unga kwako, na ulikuwa unaniita «Masikio, kula polepole, sahani haikimbii». Sasa ni infirmier hapa karibu na Musumba, nachoma sindano, sina farasi, sina askari, na mwenye kichaa ninayemujua ni daktari tu.

Dame ile ni kipande ya mbao, mama. Urefu yake kama kidole gumba yako.

Ni muchezo ya bazungu, inaitwa échecs. Ubao iko na vyumba vyeusi na vyeupe, kila chumba na herufi na namba yake. Kila mutu iko na watu wake wa mbao: roi, dame, bafou babili, bacavalier babili, batour babili ni kama minara ya kanisa, na bapion munane mbele, ni askari ya miguu. Mutu mumoja anaandika kwenye karte: nimetosha huyu hapa, nimemupeleka pale. Mwengine anajibu. Muchezo moja inaweza kula mwaka muzima. Tharcisse alianza vibaya. Akili yote ya mwanzo ni kutosha badogo kwanza, bacavalier, bafou. Yeye alitosha dame mara ya pili tu, ikaenda kusimama pembeni ya ubao kama mutu amepotea sokoni. Ndiyo maana nilimuchokoza. Na lugha yetu nayo imetusaliti: mutu iko, kijiti iko, dame iko, nani atajua ni ya kupumua ao ya mbao?

Nilikuwa nacheka, mama. Nilimusomea na sista wa hapa ile salamu ya fou, tukalia machozi. Halafu nikafika pale unasema umeandikia patron.

Mama, nimesoma pale mara nyingi, nikitafuta namna nyingine ya kuielewa. Barua imekwenda kweli? Uliandika neno dame mule ndani? Yule patron akisoma vile wewe ulisoma, hataomba mutu amueleze. Na Madame kweli alicheza naye saa ya midi, mulango imefungwa, hiyo Tharcisse aliniandikia mwenyewe. Nani ataamini ubao?

Mwambie Tharcisse mbio kuliko posta. Abambe ile barua mbele patron hajarudi.

Na kama anaweza bado kuwaza muchezo: akirudisha dame f3, mi natosha cavalier f6. Halafu mwambie a-roquer. Ni pale roi inaondoka katikati ya vita, inaingia kwenye pembe, tour inasimama mbele yake kama mulango. Mutu anaandika sifuri mbili tu: 0-0. Ukiona ile unajua, roi imeingia nyumba.

Lori inaondoka. Nisamehe mama, mi nilitaka tu kumuchekesha.

Henri


Kolwezi, 9 Aprili 1957

Tharcisse,

Leo sisalimii mutu, utanisamehe, wote bako muzima.

Barua ya Henri imefika sasa. Nimejua dame ni nini. Mutoto yangu, tarehe ile nilimwandikia Henri nilimwandikia na patron yako. Bahasha ya buluu, mwandiko yangu. Nilisema uko na dame yake.

Patron akiwa hajarudi, tafuta kwenye barua zake. Uikamate. Uile kama ni lazima uile. Akiwa amerudi, usiingie dukani, rudi na Kabongo hivi hivi, hata bila viatu.

Karte ya Henri iko ndani ya hii, samehe unga.

Mama


Élisabethville, 12 Aprili 1957

Mama mupenzi,

Kabongo alinipatia barua yako asubuhi kwenye gare ya treni na nikakimbia. Patron alikuwa amerudi mbele yangu. Bahasha ya buluu ilikuwa imeshapasuliwa, na kutoka mulangoni nilijua ile K yako yenye mukia.

«Tharcisse! Kuja hapa. Nani huyu ananiandikia Kiswahili kama mi ni père wa misioni? Soma.»

Nani mwengine angesoma, mama? Barua zote za Kiswahili ni mi nazisoma. Ndiyo kazi yangu.

Madame alikuwa kwenye kasa, pale pa kulipia, anapanga vifungo kwa rangi.

Nikasoma na macho kwanza. «Bwana Patron, nakupigia magoti. Mutoto yangu Tharcisse iko na dame yako. Anasema ni muchezo. Anasema hata ukimukamata dame atapata ingine. Usimuue. Na dame naye umusamehe, alitoka mapema tu.» Nikailalisha karatasi juu ya meza.

Nikasema: «Ni mama yangu, Patron.»

«Anataka nini?»

«Anakusalimia. Anasalimia na Madame.»

Akaweka kidole juu ya karatasi. «Dame. Dame. Na hapa, dame. Hii hata mi najua kusoma. Mbona mara tatu?»

«Kwetu Kasai, Patron, mutu wa heshima anasalimiwa mara tatu.»

Akaniangalia. Madame akaacha vifungo. Niliwaza anaona moyo yangu kupitia shati.

«Na Patron, mara moja?»

«Patron ni mwenye nyumba. Anasalimiwa na magoti. Iko hapa: nakupigia magoti.»

Akacheka, mama. Akageuka ku Madame: «Unasikia? Huyu mama iko na adabu kuliko dada yako.» Halafu: «Na jina yako inafanya nini mule?»

«Anauliza kama nafanya kazi vizuri.»

«Mwambie nusu nusu.»

Lakini hakunirudishia. Aliikunja akaitia kwenye mufuko ya koti. Anasema Père atakuja kula hapa siku ya Pasaka, naye anajua Kiswahili mpaka mifupa, atamusomea maneno yote mazuri neno kwa neno, juu mi natafsiri kama mutu anayekimbia.

Saa ya midi patron alipolala, Madame hakutosha ubao. Alipita nyuma yangu na rola ya kitambaa, akaongea Kiswahili, Kiswahili yetu hii hii, sikujua kama anaijua vile. Alizaliwa inchi hii hii, Jadotville, mama, sikuwaza. Alisema polepole: «Koti ya Bwana iko na doa. Nitaifua.» Halafu: «Mwambie mama yako namusalimia mara tatu.» Halafu, bila kugeuka: «Na wewe usiwe hapa siku ya Pasaka.»

Sijui kama atapata ile koti. Patron analala nayo kwenye kiti karibu na kichwa. Nikikimbia bila ruhusa, watasema nimekimbia juu ya kitu. Nikibaki, Père atasoma. Ukipata akili yoyote nipatie, mi yangu imekwisha.

Tharcisse


Kolwezi, 15 Aprili 1957

Ku mutoto yangu Tharcisse,

Baba yako anakusalimia. Nimemwambia yote. Aliacha bukari yake mezani, akavaa viatu akaenda posta. Telegramu itafika ku patron mbele ya barua hii: mama mugonjwa sana, mutoto arudi. Isiwe uongo mutupu, nimeshalala. Mama Fidélie ananiletea uji na kunililia, anawaza ni kweli, nami namuacha alie, anapenda. Kaku anakusalimia, anasema nilale vizuri, mugonjwa haulizi kama kuku imefungiwa. Kanku anakusalimia. Tshiela anakusalimia.

Omba ruhusa na uso ya huzuni. Uso ya woga uiache kwenye chumba yako. Ingia treni ya Kabongo.

Nimechora vyumba juu ya meza na mukaa kama vile Henri alieleza. Bapion ni maharagwe. Tour ni sanduku ya kiberiti. Roi ni kizibo. Dame ni kifungo nyeupe ya koti ya baba yako, ya siku ya ndoa. Kila asubuhi nainuka kwenye ugonjwa yangu kuangalia kama kizibo iko bado katikati, halafu narudi kulala. Jana Tshiela alichukua kifungo akataka kukichezea, nikamupiga mukono. Kaku akasema: Elise, ni kifungo. Nikamwambia si kifungo.

Ulisema kutosha dame mapema ni kosa ya mutu asiye na akili. Wewe uliitosha kwenye ubao. Mi niliitosha inje kweli, peke yake, na bila kumujua uso. Ile ndiyo inaninyima usingizi kuliko yako wewe. Wewe uko na mama, na baba mwenye viatu, na Kabongo. Yeye iko na nani kule ndani ya ile nyumba, usiku mukono yake kwenye koti ya bwana yake?

Usiandike barua, posta ni macho. Andika karte, inje kabisa, kila mutu asome. Ukipanda treni, weka sifuri mbili tu, kama Henri. Nitaelewa kizibo imeingia nyuma ya kiberiti. Na juu ya yule Madame, uweke neno moja, namna yoyote, nijue kama nilimuua. Bila ile neno, hata ukiwa hapa mbele yangu unakula, sitalala.

Mi sina nguvu ya kungojea tena. Leta jibu mbio, mutoto yangu, hata kwa mukono ya mutu usiyemujua.

Mama yako,
Elise Tshibola


Karte, timbre ya Élisabethville, 18 Aprili 1957

0-0.
Dame iko salama, koti tu imelowa maji.
T.